Pazia Ndani ya Monita

Kiuu, Jumanne

Baba Amida,

Salaam aleikum. Sisi tuko salama. Amida ameng'oka jino la mbele, na mvua imeleta matope mpaka mlangoni.

Ile monita ya kazi zangu za mtandaoni nilinunua Githurai. Muuzaji alinionyesha ndogo, ya bei nafuu, lakini nikakumbuka maneno yako: "Chukua kubwa, usiharibu macho." Nikachukua ya inchi ishirini na saba, yenye kioo kisichong'aa, kwa sababu meza yangu inatazama dirisha. Ulinishauri vizuri. Sasa nasoma kila herufi bila kukunja uso.

Jana uliponipigia video kutoka Doha, ilikuwa mara ya kwanza kukuona kwa hiyo monita. Kwa simu, nyuma yako huwa naona rangi ya samawati tu. Jana niliona pazia, na kipande chake kimoja maua yametazama chini. Lile pazia nilimshonea rafiki yangu Safaa wa Membley. Nilikosea hicho kipande, nikataka kukifumua, naye akacheka: "Wacha tu, Muna. Nani ataona?"

Nikakuuliza kama huko kuna joto. Ukajipepea na mkono, ukasema Doha inachoma.

Kwa hivyo barua hii siipeleki posta. Namwachia askari wa geti la Safaa akupe ukitoka.

Monita ni nzuri sana, Baba Amida. Mwambie Safaa nimeona.

Mama Amida,
hapa tu karibu