Pazia la Mama na nyigu wa kabichi

Jumamosi, Musienene. Asubuhi ukungu ulifunika kilima chote, halafu karibu saa nne jua likatoka. Nikashukuru, maana nyigu hawapendi baridi.

Leo niko na furaha. Mikono inanuka kabichi na sitaki kunawa.

Nilipanda kutoka Butembo Alhamisi, kwa ajili ya Baba. Viwavi walikuwa wameingia katika kabichi zake, naye alikuwa ameshaazima pompe ya dawa kwa jirani. Msimu uliopita alipuliza bila kufunika pua. Akakohoa majuma mawili, macho mekundu, Mama hana raha. Basi nilipomkuta anasafisha ile pompe, nikamwambia angoje kwanza. Nikamweleza kile ninachofundisha katika somo la biolojia: kabichi ikitafunwa na kiwavi, inatoa harufu ya namna yake. Kuna nyigu wadogo kama sisimizi wanaofuata hiyo harufu mpaka kwa kiwavi. Wanataga mayai ndani ya mwili wake, na watoto wao wanamla kutoka ndani.

Baba alicheka mpaka akakaa chini. Kwake kabichi ni mashu.

"Mashu inaita batu? Inaita na kinywa gani?"

"Na harufu, Baba."

"Mwalimu, miye niko mu mashu mbele uzaliwe. Haiyaniita hata siku moja."

Kiburi kikanipanda. Nikaahidi kumwonyesha kwa macho yake. Akanipa mpaka leo. Nikishindwa, anapuliza shamba lote na mimi ninanyamaza.

Jana nikang'oa kabichi mbili na udongo wake, nikazitia katika ndoo. Moja ilikuwa safi. Nyingine nikaijaza viwavi, watafune wanavyotaka. Leo nikaziweka kando ya shamba, zikiwa zimeachana kidogo, nikazifunika zote kwa kitambaa cheupe chepesi, ili nyigu wasione kitu, wapate harufu tu.

Kitambaa chenyewe kilikuwa pazia la sebuleni la Mama. Nililikata vipande viwili bila kumuuliza.

Ndiyo, ninakiri hapa, mahali ambapo Mama hasomi.

Baba akaleta kiti. Saa nne, hakuna kitu. Saa tano, nzi mmoja. Jasho likaanza kunitoka.

Halafu Baba akainama mbele. Nyigu mmoja mweusi alikuwa anatembea juu ya kitambaa cha kabichi iliyotafunwa, anapapasapapasa, anatafuta pa kuingilia. Akaja wa pili. Wa tatu. Kwenye kabichi safi alitua mmoja tu, akaenda zake.

"Badirisha," Baba akasema. Alifikiri ni jua tu linawavuta upande ule.

Nikabadilisha ndoo, hii pale, ile hapa. Tukangoja tena.

Wakahama.

Baba akavua kofia. "Kumbe ni kweli," akasema polepole. "Na dawa yangu nilikuwa ninaua bale bale benye banakuya kunisaidia."

Na hapo ndipo Mama alipotokea nyuma yetu.

"Nani amekata rideau yangu?"

"Ni miye," Baba akasema, kabla sijafungua kinywa.

Mama alitazama vitambaa, akatutazama sisi wawili, akarudi jikoni. Mchana tulikula maharagwe bila chumvi, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Baadaye Baba alirudisha pompe kwa jirani. Alikaa huko saa nzima, nikamsikia ng'ambo ya uzio anaeleza habari za harufu kama yeye ndiye aliyesoma. Tumepatana hivi: mistari iliyoharibika sana tutaokota viwavi kwa mkono, mingine tutawaachia nyigu. Hawatawamaliza wote, nimemwambia. Amekubali.

Lakini kuna kitu sijamwambia. Saa tano, wakati nzi peke yake alikuwa amekuja, mimi mwenyewe niliacha kuamini. Miaka yote nimewachorea wanafunzi yule nyigu ubaoni, na sikuwa nimewahi kumwona hata mmoja. Leo nimemwona kwa mara ya kwanza, sawasawa na Baba.

Jumatatu chaki itabaki mezani. Darasa lote tutatoka nje, tuchuchumae mbele ya majani, tungoje.

Na tukikosa kuona kitu, je, nitakuwa na moyo wa kuwaambia, "Sijui"?