Radhi Haipandi Basi

Hotelini karibu na uwanja wa ndege, Kipawa, Dar es Salaam
Jumatatu, 13 Januari 2025

Kwa wifi yangu Biasha,

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Hujambo, wifi? Na lile goti linakwendaje na mvua hizi? Mimi ni mzima, ila miguu imevimba kwa safari. Nakuandikia kwa sababu simu yangu hupokei.

Jana tulitoka Mbuchi kwa boti hadi Nyamisati, tukapanda gari. Pale Kibiti niliwaomba wasimame, nikaja kubisha hodi kwako. Jirani akasema umetoka, lakini pazia la dirishani likatikisika. Nikarudi garini.

Kikundi chetu cha umra kilikuwa kilale hapa usiku mmoja tu. Sasa shehe Abdulazizi, kiongozi wetu, anasema ndege imesogezwa hadi Ijumaa jioni. Huyo naye kaniambia niuache msala wangu, ati Makka hakukosi mazulia. Nimeusuka kwa ukindu wa kwetu miezi miwili. Nitaubeba begani hadi nifike.

Wifi, nimewaaga watu wa Mbuchi wote na wote wamenipa radhi, hata Husseini niliyemgombeza mbele ya wakwe zake. Umebaki wewe. Kosa langu nalijua. Binti yetu Nasma alipoolewa, nilikualika kwa ujumbe wa simu, na sare ya harusi nikampa mtu wa boti akuletee. Wewe, dada wa marehemu mume wangu! Miaka mitatu hatusemi. Sitaki kwenda mbele ya Kaaba na kinyongo chako mgongoni. Nisamehe.

Mpe jibu Abdulrazaq, dereva wa basi la Kibiti. Anaishi Kiwalani, jioni hupita hapa.

Wifi yako,
Mwanabaraka


Kibiti
Jumanne, 14 Januari 2025

Kwa Bi Mwanabaraka,

Waalaykum salaam. Goti langu halijambo. Pazia lilitikiswa na paka.

Barua nimeisoma mara mbili. Harusi ulinialika kwa simu, na sasa radhi unaitaka kwa basi. Hujajifunza kitu. Shangazi ni baba asiyevaa kanzu, hilo wewe ulifundishwa unyagoni kama nilivyofundishwa mimi. Kaka yangu Amri alikuwa ameshatutoka. Mimi ndiye niliyepaswa kukaa mkekani niulizwe kama mtoto wetu tunamtoa. Nikaletewa ujumbe wa "karibuni nyote", uleule aliotumiwa muuza mkaa. Nililia siku nzima, na hilo hukulijua kwa kuwa hukuja kuuliza. Radhi haipandi basi, bibi wee.

Ila maadamu umeanza kusimulia, simulia sawasawa. Hoteli ina ghorofa ngapi? Chai yao ikoje? Nina miaka sitini na mbili, sijapata kuona ndege iliyokaa chini. Usijifungie chumbani ukavuta tasbihi mchana kutwa. Toka nje, utazame, unieleze kila kona, kulia na kushoto, hata nikifumba macho niione.

Biasha binti Bushiri


Kipawa
Jumatano, 15 Januari 2025

Kwa wifi yangu Biasha,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Nimelala salama na nimeamka salama, alhamdulillah. Mpe pole paka wako.

Haya, fumba macho. Hoteli ina ghorofa tano, mimi nipo ya nne. Ni kama kukaa juu kwenye dungu la shambani wakati wa kuamia ndege wa mpunga, tofauti ni kwamba huku unapandishwa na lifti. Mara ya kwanza nilitoka humo nimemshika mkono mzungu nisiyemjua. Chai yao nyepesi, unaona hadi chini ya kikombe. Dada wa mapokezi anaitwa Zuhra, mcheshi, ameshajua habari zako zote.

Leo nimetoka kama ulivyoagiza. Ukitoka getini, shika kulia. Utapita mafundi makochi, kisha msikiti wenye mlango wa kijani. Mbele kuna mama anakaanga mihogo chini ya mwavuli mwekundu. Nilipomsikia tu anavyosema, nikamuuliza kwao wapi. Kwao Chumbi, hukohuko kwetu! Anaitwa Muzdalifa. Tulishikana kama ndugu waliopotezana, na mihogo ikaungua. Akamwachia jirani yake karai, akanipeleka mwenyewe. Hapo kwake unakata kushoto, unavuka kidaraja cha mtaro, unafika kwa fundi pancha. Nyuma yake pana njia nyembamba ya kufuata ukuta, na ukuta ukiisha unakuta seng'enge. Hapo simama. Wifi, ndege zimekaa pale mbele yako kama ng'ombe zizini. Watu wanashushwa na basi, wanapanda ngazi, unawaona hadi mikoba yao. Nilisimama hadi adhuhuri, nikasema laiti Biasha angekuwepo.

Sasa nikwambie nilichokuficha. Wiki ile ya harusi nilikuja Kibiti kununua mchele, nikafika hadi mlangoni pako. Sikubisha. Amri alikuwa na miezi minne kaburini, na wewe umefanana naye hadi kikohozi. Nilijua nikikuona nitalia, nawe utalia, na nilikuwa nimeapa Nasma asiyaone machozi yangu wiki yake. Nikageuka, nikakuandikia ule ujumbe garini. Nilikuogopa, wifi. Ndio ukweli wenyewe.

Wifi yako,
Mwanabaraka


Kipawa
Alhamisi, 16 Januari 2025

Kwa wifi yangu Biasha,

Salaam alaykum. Natumai u mzima. Mimi mwili mzima, moyo hapana.

Abdulrazaq amepita jioni hii mikono mitupu. Nikamuuliza kama ulikuwa mgonjwa, akasema hapana. Kama umesema lolote, akacheka, akaenda zake. Sikuona cha kucheka.

Na sasa shehe ametuambia ndege imerudishwa nyuma. Tunaruka kesho saa nne asubuhi, si jioni tena, na hotelini tunaondoka saa moja. Barua hii namwachia Zuhra, ampe Abdulrazaq akipita. Itakufikia nimeshaondoka. Nitakuombea kule, ukiniradhia au usiponiradhia. Hilo huwezi kunizuia.

Wifi yako, ukipenda,
Mwanabaraka


Hotelini, Kipawa, ghorofa ya nne
Ijumaa, 17 Januari 2025

Kwa wifi yangu Mwana,

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo, mke wa kaka yangu? Mimi sijambo, ila goti linanidai.

Abdulrazaq nilimkataza kukwambia. Radhi haipandi basi, nikapanda mwenyewe, lile la kwanza la alfajiri. Nilijua nina mchana mzima wa kukaa nawe. Saa tatu nafika mapokezi, Zuhra ananitazama, ananiambia mmeondoka tangu saa moja, ananipa barua yako. Nilikaa chini palepale sakafuni.

Kisha nikatoa ile ya Jumatano mkobani. Nikashika kulia. Mafundi makochi, msikiti wa mlango wa kijani, mwavuli mwekundu. Muzdalifa akauliza, "Wewe ndiye wifi?" Nikamwitikia huku nakimbia. Kushoto, kidaraja, pancha, ukuta. Hukukosea hata hatua moja.

Nikafika kwenye seng'enge basi linawashusha. Wanawake wote mmevaa nyeupe, nitakujuaje? Nikaona ukindu umeviringishwa begani kwa mtu. Nikaita hadi sauti ikakauka, na zile ndege zinanguruma. Basi nikavua kanga ya mabegani. Ni ile sare, Mwana. Ile ya manjano ya harusi ya Nasma. Miaka mitatu ilikuwa sandukuni na mikunjo yake, leo ndiyo nimeivaa. Nikaipunga juu kama mtu anayefukuza ndege mpungani.

Ukasimama katikati ya ngazi. Ukaunyanyua msala juu kwa mikono miwili, ukakaa hivyo hadi binti wa ndege akakushika kiwiko. Watu nyuma yako wote wamekwama. Nilicheka na kulia, na fundi pancha akaniletea kigoda.

Nilisema kwa mdomo wangu, "Nimekuradhia, duniani na akhera." Najua hukusikia, ndiyo maana naandika. Nami uniradhie kwa lile pazia.

Zuhra anasema chumba chako kimelipiwa hadi saa sita, kanipandisha. Nimelala kitandani pako na viatu nimevua. Chai umeisingizia, si mbaya kiasi hicho. Barua hii utaikuta kwake.

Ukirudi, usinipigie simu wala usinitumie ujumbe. Njoo ubishe hodi. Kama ni kumlilia Amri, tutamlilia pamoja, kisha nitakupikia wali wa nazi.

Wifi yako,
Biasha, shangazi wa Nasma