Na tai nimefunga

Hilda, simu inaita tu hupokei, basi soma. Nimejifungia chooni kwenye hafla ya ofisi ya Elias, huku Musoma.

Unakumbuka kadi ilisema tuvae "black tie"? Nikamuuliza Rebeka wa Nyasura, yule anayefanya kazi na mchumba wangu Elias. Akasema, "Shati jeupe, sketi nyeusi na tai nyeusi, basi." Nikapiga na pasi!

Nafika, wahudumu wote wamevaa kama mimi. Wote! Mpaka tai! Msimamizi wao ananifokea, "Nyie mnachelewaga kila siku! Peleka soda meza ya mbele." Sijafungua mdomo, nimeshashikishwa trei.

Meza ya mbele kakaa nani? Rebeka! Gauni refu la kijani, kumbe ndiyo "black tie" yenyewe, mgongo wote nje, kwenye kiti changu, Hilda. KITI CHANGU. Nakaribia, namsikia Elias anamwambia, "Leo umependeza mpaka basi."

Rebeka akachukua soda kwenye trei yangu. "Asante, dada."

Dada!!

Elias akaniangalia juu mpaka chini, akaishia kwenye tai.

"Na wewe umejitahidi."