Nilidhani Ni Alama za Mtihani

Binti yangu,

Nina miaka sabini na nane, na nimewazika madaktari wawili walioniambia nitakufa. Nyumbani kwema, paa halivuji tena.

Ile mashine ya kupumulia usingizini uliyonitumia mama yako alipohamia sebuleni kwa kukoroma kwangu, huonyesha namba kila asubuhi. Nilijisifu kwako kwamba napata arobaini. Hata fundi saa, jirani yetu mwenye mashine kama hiyo, nilimcheka kwa tatu yake: “Wewe hata kulala umefeli!”

Jana muuguzi kaniambia namba ile ni mara ngapi pumzi inakatika kwa saa. Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Kumbe ndevu zangu ndizo zilizokuwa zikivujisha hewa kwenye barakoa ya mashine. Nimezinyoa, mimi! Leo nimepata sita. Kaka zako wasijue.

Huamini? Muulize mama yako. Karudisha mto wake chumbani.

Baba yako