Mchoro wa Karasha Ukutani

Mpendwa baba,

Shikamoo, hata huko uliko. Jana nililetewa mkataba, nikakukumbuka wewe na kile kipande chako cha mkaa.

Unakumbuka nilivyokununia? Dhahabu ilikuwa imepamba moto, kila mtu Tarime anataka karasha ya kusagia mawe. Na wewe, uliyebuni iliyo nyepesi, ukaichora kwa mkaa ukutani mwa karakana na mlango ukauacha wazi. Watu wakanakili wakaenda zao. Nikakwambia, "Baba, wanatuibia."

Ukacheka. "Bhoke, kwenye risaga si tunasaidiana, tunalima shamba la huyu leo, kesho la yule? Chuma nacho ni hivyo hivyo."

Kisha Marwa wa Machochwe, aliyenakili bila hata kuaga, akarudi. "Mzee, ekseli yako inakatika. Mimi nimeisogeza huku." Ulifuta ukachora upya palepale. Jirani yetu aliyenunua mashine ya dukani hakuruhusiwa kuifungua. Ikiharibika, alimsubiri fundi wa muuzaji kutoka Mwanza. Ila tuseme kweli: yeye alikuwa na wa kumlalamikia. Wewe ulilalamikiwa na kila mtu, bure.

Sasa mimi natengeneza programu za simu. Yangu moja inapanga foleni ya mifuko ya mawe kwenye karasha, na maandishi yanayoiendesha nimeyaacha wazi, anayetaka asome na arekebishe. Mwanzoni niliboronga: nilitofautisha watu kwa majina mawili. Tarime hii! Siku ya kwanza tu wakajitokeza kina Mwita Chacha watatu, nusura wapigane. Binti mmoja wa Natta, ambaye sijawahi kumwona, akaongeza nafasi ya jina la mama. Ugomvi ukaisha.

Kampuni iliyoleta mkataba inataka kuinunua, iifunge, iniajiri. Mshahara nautaka, baba, sikufichi. Paa la mama linavuja. Lakini yule binti atakatazwa kufungua kitu alichokirekebisha kwa mkono wake, na hilo linaniuma.

Siku tuliyokuzika, karasha zote zilizimwa, hata za ng'ambo ya mto. Hakuna aliyeagiza. Kelele tulizozizoea zilipokatika, ndipo nilipojua zilikuwa nyingi kiasi gani.

Mkataba nimeurudisha bila saini. Jumamosi napanda mwenyewe kuziba paa.

Pumzika, fundi wangu.

Binti yako,
Bhoke