Ushuhuda Nilioutoa Mapema

Chumba cha nyuma, kwa Dobi
Alhamisi, tarehe 9 Mei

Mpendwa Shangazi,

Natumaini barua hii itakukuta mguu umepungua uvimbe na unatembea bila fimbo. Sisi ni wazima wa mwili. Baba Bonge amepata kibarua cha kupaka rangi shule, kila jioni anarudi na kichwa cheupe kama babu. Bonge mwenyewe ana meno manne, anang'ata kila kitu, hata mimi.

Nisamehe mwandiko, naandika huku pasi ikipoa.

Unajua Bonge wetu hasikii, na unajua tulivyofunga na kuomba. Sasa mwezi uliopita alikuwa ameketi hapa kazini kwenye sakafu ya mbao, Mama Mapacha ninayepiga naye pasi akaangusha ndoo. Bonge akageuka! Nilipiga kelele mpaka wateja wakakimbilia ndani. Jumapili yake nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda. Vigelegele, Shangazi! Mchungaji alimwinua Bonge juu, watu wakalia.

Jumatatu nikaenda kwa daktari wa masikio nimechangamka, nikidhani naenda kumuaga tu. Akapiga kengele nyuma ya kichwa cha Bonge. Wapi! Mtoto anachezea kifungo. Akagonga meza aliyomkalisha juu yake, Bonge akageuka. Akasema, "Mama, hasikii. Anahisi mtikisiko."

Nilipomweleza Baba Bonge akasema, "Kumbe binti yangu anasikia kwa makalio." Tulicheka, tukacheka mpaka kicheko kikageuka kilio.

Nikaenda kwa mchungaji. Akasema, "Usirudi nyuma, binti yangu. Ushuhuda ukishatoka kinywani ni wa Mungu, si wako tena." Jumapili hii kuna mkutano mkubwa na anataka niurudie. Ni mtu mwema, alishinda nasi wodini siku tatu Bonge alipozaliwa kwa shida. Sina ubavu wa kumbishia.

Ningenyamaza tu, sikufichi. Lakini jana kaja mwanamke hapa, mgongoni kambeba bintiye mwenye kifafa. Alitaka bintiye amguse Bonge. Akaniambia kwa furaha, "Tangu nisikie ushuhuda wako nimeacha kumpa vidonge. Nangoja muujiza wangu."

Nikaweka pasi pembeni. Nikamweleza yote, nikamsihi, "Mpe mtoto dawa, dada, leo hii hii."

Akanitazama. "Kwa hiyo aliyedanganya nani, wewe au Mungu?"

Nikasema ni mimi. Akaondoka bila kuaga. Sijui anakoishi. Sijui kama mtoto amepewa dawa.

Tangu hapo nikipiga magoti maneno hayaji. Usije ukadhani nimeacha kuamini. Asubuhi naamini, mchana nimeshindwa, jioni naanza upya. Namuuliza Mungu alikuwa wapi nilipokuwa nakimbilia kusimama, mbona hakunivuta hata gauni. Halafu naogopa kwamba nimemuuliza. Halafu namuuliza tena, maana nani mwingine nitamuuliza? Mama Mapacha anasema mwenye shaka ni sawa na aliyemkana. Wewe ulizika watoto wawili na bado unaimba kwaya. Uliwahi kuwa hivi? Niambie kweli, sitamwambia mtu.

Jumapili nitasimama. Nitasema Bonge hasikii, na kila mama mwenye dawa ya mtoto asiiache. Kama yule mwanamke atakuwepo, sijui. Wakiniuliza, sasa imani yako iko wapi, nitakaa kwenye benchi langu mpaka ibada iishe.

Nisalimie Mjomba Kinanda na bibi wa jirani yako. Mwambie Mjomba apunguze chumvi.

Mungu ninayemlilia bila kujua kama ananisikia, akulinde wewe usiku na mchana.

Mimi mwanao, nikupendaye bila shaka yoyote,
Mama Bonge