Neno Nililomsemea Baba

Dada yangu mpendwa,

Kabla hata sijakuamkia, acha nilitoe hili lililonikaa kooni: nilimdanganya daktari wa Baba, na hakuna ajuaye ila Baba mwenyewe. Sasa shikamoo. Shemeji na mtoto hawajambo? Mama mzima, ila hajui kama nakuandikia.

Tangu Baba akatwe kile kipande cha ulimi chenye kansa, maneno yake yanatoka kama mtu aliyejaza pamba mdomoni. Mama humwelewa nusu. Mafundi wenzake wa karakana ya mbao huitikia tu. Mimi namwelewa. Mimi niliyeitwa Bubu darasani ndiye msemaji wake. Mafundi wanatutania kwamba tumebadilishana ndimi.

Mwezi uliopita daktari alimuuliza kama ameacha sigara. Alieleza kwa upole kwamba uvutaji ndio uliomweka kwenye hatari ya ugonjwa huu, na kwamba anayeendelea kuvuta, kidonda chake huchelewa kupona, mionzi haimsaidii inavyopaswa, na kansa hurudi kwa urahisi. Lakini hata anayeacha leo, alisema, atafaidika.

Baba akaniambia, "Mwambie bado navuta. Mwambie nimeshindwa, anisaidie."

Mama alikuwa hapo hapo, mkoba mapajani, macho kwangu, naye akisubiri nimfasirie. Alikuwa amemwapia Baba kwamba akisikia harufu ya moshi tena, atafungasha. Nikasema, "Anasema ameacha." Daktari akampongeza na kumpa mkono. Baba akaupokea.

Nilidhani nimemsitiri. Juzi tuliporudi hospitali, kidonda kilikuwa hakijafunga. Daktari ameahirisha mionzi, amebadilisha dawa ya kusukutua, na anakuna kichwa. Anasema pengine atamkata tena. Jioni ile nikamkuta Baba nyuma ya karakana, amekaa juu ya mbao, anavuta kwa upande usiouma. Nilimsihi aache. Akatabasamu kwa nusu ya mdomo.

"Nimeshaacha, mwanangu. Si ulisema mwenyewe?"

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo linaloniumiza. Mtu aliomba msaada kwa kinywa chake mwenyewe, kinywa kilichobaki nusu, nami nikakiziba.

Jumatatu tunarudi hospitali. Nitamwomba daktari nizungumze naye peke yangu kwanza, nimweleze alichosema Baba, neno kwa neno. Unajua ninavyotetemeka mbele ya wakubwa. Nayafanyia mazoezi nikiosha vyombo, na hata sufuria zinanitisha. Mama naye nitamwambia siku hiyo hiyo. Akianza kufungasha, nitalikalia begi lake mpaka hasira zishuke.

Mbusu mtoto kwa ajili yangu. Mama akikupigia simu, mwambie tu nimekusalimu. Nataka alisikie kwangu, si kwa mwingine. Hadi Jumatatu ipite, Dada, nakuomba hili libaki kifuani mwako.

Mdogo wako akupendaye